Kusafiri Guatemala: mwongozo kamili kwa msafiri wa Afrika Mashariki

Kwenye ramani Guatemala ni nchi ndogo. Ina kilomita za mraba 108,889. Kenya ingeimeza mara tano, Tanzania mara nane na nafasi ikabaki. Udogo huo ndio unaowaponza wageni. Mtu anapanga kulala Antigua leo, kwenye magofu ya Tikal kesho na ziwani keshokutwa, halafu anajikuta amekaa saa kumi ndani ya kipanya kinachozunguka milima, tumbo limevurugika na hajaona kitu. Huko safari haipimwi kwa kilomita. Ipime kwa kimo, kwa sababu kwa siku moja unaweza kutoka kwenye baridi ya sweta ukaingia kwenye joto la pwani. Ipime pia kwa siku za soko, maana mji uliopooza Jumatano hufurika watu hadi barabarani ikifika Alhamisi.

Lingine la kulijua kabla ya kununua tiketi: Wamaya wapo. Vipeperushi vya utalii huuza magofu yaliyomezwa na msitu, msomaji akadhani walioyajenga walitoweka duniani. Sensa ya mwaka 2018 ilikuta zaidi ya watu wanne katika kila kumi wakijitambulisha kuwa Wamaya. Lugha zao ni 22, na K'iche', Q'eqchi', Mam na Kaqchikel kila moja ina wasemaji wa mamia ya maelfu. Waliobaki wengi ni Waladino, wenye Kihispania kama lugha ya nyumbani. Wapo pia Waxinka, wenyeji wa asili wasio Wamaya, na Wagarifuna wa pwani ya Karibi ambao tutawafikia mbele. Ratiba inayowafuata watu walio hai ni nzuri kuliko ile ya kukimbiza mawe, na hata hayo mawe utayaelewa zaidi.

Kwanza: viza, njia ya ndege na kadi ya njano

Guatemala huyagawa mataifa katika makundi matatu. Wa kundi A huingia bila viza, wa B huomba ubalozini, na wa C maombi yao hupelekwa kwanza kwa uhamiaji Guatemala, jambo linalokula wiki nyingi. Uandikie ubalozi unaohudumia nchi yako, uulize mambo mawili kwa mkupuo: pasipoti yangu iko kundi gani, na je, viza hai ya Marekani, Kanada au Schengen inaniwezesha kuingia bila yenu? Jibu lichapishe ulibebe. Mhudumu wa kaunta ya ndege Nairobi, Entebbe au Dar es Salaam huenda hajawahi kumsafirisha mtu kwenda Guatemala, na karatasi yenye nembo ya ubalozi humaliza ubishi haraka kuliko maelezo yako.

Ndege ya moja kwa moja hakuna. Ukipitia Marekani unahitaji viza yao hata kama unabadilisha ndege tu, kwa kuwa hawana utaratibu wa abiria kukaa upande wa ndani bila kupita uhamiaji. Asiye na viza hiyo aangalie Ulaya: Madrid ina ndege ya moja kwa moja hadi Jiji la Guatemala, na kutoka Amsterdam, Paris au Istanbul unaweza kuruka hadi Panama City, kisha ukaunganisha. Mwenye pasipoti ya Kongo ajue kwamba anahitaji viza ya kupita uwanjani katika nchi za Schengen hata kama hatoki nje ya jengo. Mimi ningechagua njia ya Panama, maana mzigo na tiketi huweza kuwa vya mkupuo mmoja, na uwanja ule umezoea watu wa mataifa yote.

Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano usiiache nyumbani. Panama na Guatemala huiuliza kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo, na chanjo lazima iwe imetimiza siku kumi kabla ya kufika.

Hili nalo tuliseme wazi. Kwa miaka kadhaa Waafrika wengi wamepita Amerika ya Kati kwa miguu na mabasi wakielekea Marekani. Ofisa wa uhamiaji akiona pasipoti ya Kiafrika atakuuliza maswali ambayo Mjerumani aliye nyuma yako hataulizwa. Inaudhi, lakini inajibika: uwe na tiketi ya kurudi iliyochapishwa, uthibitisho wa hoteli ya usiku wa kwanza na taarifa ya benki. Jibu kwa ufupi, bila kucheka wala kukasirika.

Guatemala, El Salvador, Honduras na Nicaragua zina makubaliano ya pamoja yaitwayo CA-4. Siku 90 za mtalii huhesabiwa kwa nchi zote nne kwa jumla, kwa hiyo kuvuka kwenda Honduras hakukuanzishii hesabu mpya. Belize haimo.

Pili: mwezi wa kwenda

Mvua hunyesha kuanzia Mei hadi Oktoba, na kiangazi ni Novemba hadi Aprili. Mvua yao ina adabu: asubuhi jua kali, alasiri wingu linashuka, usiku kumekauka. Septemba na Oktoba adabu hiyo hupotea, barabara za milimani zikafukiwa na udongo. Januari na Februari ni miezi ya anga safi, na ndiyo ya baridi kali usiku nyanda za juu.

Kuna tarehe mbili zinazostahili kupangiwa safari nzima. Moja ni Wiki Takatifu kabla ya Pasaka, mjini Antigua. Familia hukesha zikitandaza mazulia ya unga wa mbao uliotiwa rangi, maua na majani ya misonobari katikati ya barabara ya mawe, kazi ya saa nyingi, kisha maandamano yanapita juu yake na kuyasaga kwa dakika chache. Nyingine ni tarehe 1 Novemba, siku ya wafu, katika miji ya Sumpango na Santiago Sacatepéquez. Huko watu hutengeneza tiara za karatasi na mianzi, duara zenye upana unaoweza kuzidi mita kumi, zenye picha na ujumbe wa kisiasa, na kuzisimamisha karibu na makaburi. UNESCO imeyatambua yote mawili, Wiki Takatifu mwaka 2022 na tiara mwaka 2024. Vyumba vya Antigua kwa Pasaka hujaa miezi kadhaa mapema, na bei hupanda bila huruma.

Tatu: pesa, simu, umeme, saa

Sarafu ni quetzal, iliyoanza mwaka 1925 na kupewa jina la ndege wa taifa. Kwa miaka mingi imekaa karibu quetzal 7.7 kwa dola moja, hivyo hesabu zako hazitaharibika njiani. Beba dola mpya zisizo na wino wala mchaniko. Benki za huko huzikataa noti chakavu bila kuona aibu. Mashine za ATM zipo katika miji yote ya watalii, lakini Lanquín, Livingston na vijiji vya ziwani usizitegemee. Sokoni na kwenye mabasi ni taslimu, tena noti ndogo.

Mtanzania atashtuka kuona mabango ya Tigo kila ukuta. Ni jina lile lile, kwani kampuni ya Millicom iliyolianzisha ilikuwa na mtandao Tanzania pia kabla ya kuuuza. Laini ya Tigo au Claro unaipata siku ya kwanza kwa bei ndogo.

Umeme ni volti 120, na plagi ni zile za pini mbili bapa. Chaja ya simu na kompyuta itafanya kazi ukiwa na adapta; pasi na birika la umeme la nyumbani ziache, hazitachemsha kitu. Saa zao ziko tisa nyuma ya Afrika Mashariki, na hazibadilishwi mwaka mzima. Huko ikiwa saa sita mchana, nyumbani ni saa tatu usiku, wakati mzuri wa kupiga simu.

Nne: ukitua, usibaki jijini

Uwanja wa La Aurora uko ndani ya Jiji la Guatemala, zona ya 13. Jiji limegawanywa kwa zona zenye namba, na anwani bila namba ya zona ni bure. Usiku wa kwanza lala zona 10 au karibu na uwanja, au ondoka moja kwa moja kwenda Antigua, kilomita 40 hivi, saa moja au mbili kutegemea foleni. Zona 1 ndiyo kitovu cha zamani, ina makanisa na soko kubwa. Ione mchana, giza likiingia ondoka.

Sasa usafiri. Kuna mabasi ambayo wenyeji huyaita camioneta. Ni mabasi ya shule ya Marekani yaliyostaafu, yakaletwa kusini kwa barabara, yakatiwa injini ya kupandia milima, rangi kali, vioo vya chrome, jina la mwanamke na mistari ya Biblia. Aliyekulia kwenye matatu au daladala atajisikia nyumbani papo hapo. Kiti cha watoto wawili hukaliwa na watu wazima watatu. Kondakta anaitwa ayudante: gari likiwa kwenye mwendo anatoka mlangoni, anapanda ngazi ya nyuma hadi kwenye keria, anafungua kamba za mzigo wa abiria anayeshuka mbele, kisha anarudi ndani kupitia mlango wa nyuma akidai nauli, na anakumbuka nani bado hajalipa.

Panda camioneta kwa safari fupi za mchana, kama Antigua kwenda vijiji vya jirani. Safari ndefu tumia vipanya vya watalii vinavyouzwa na kila hoteli. Sababu si ushamba. Magenge hudai kodi kwa madereva wa mabasi, na wizi njiani upo. Usiku usisafiri kwa gari la aina yoyote, isipokuwa basi kubwa la kampuni linalokwenda Petén, jimbo la kaskazini lenye Tikal. Ndani ya miji midogo utapanda bajaji, tena ni Bajaj zile zile.

Nambari ya msaada kwa watalii ni 1500; hupokelewa kwa Kihispania na Kiingereza. Polisi ni 110.

Tano: Antigua na mlima unaotema moto

Antigua ilikuwa makao makuu ya Wahispania hadi matetemeko ya mwaka 1773 yalipoiangusha. Serikali ikahamia lilipo jiji la sasa, na mji ukabaki na jina la “ya kale”. Uko mita 1,530 hivi juu ya bahari, kati ya Arusha na Nairobi kwa kimo, na hali ya hewa inafanana. Makanisa mengi yaliyoporomoka hayakujengwa upya. Nguzo na kuba zilizovunjika zimo katikati ya nyumba za watu.

Fanya jambo moja hapa ambalo wageni wengi huliruka: soma Kihispania. Shule ni nyingi, mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, saa nne kwa siku, na unakaa kwenye nyumba ya familia unayokula nayo. Ni kati ya sehemu za bei nafuu zaidi duniani kwa masomo ya namna hiyo. Quetzaltenango, ambayo wenyeji huiita Xela, na San Pedro La Laguna ni nafuu zaidi. Wiki moja tu hubadilisha safari nzima, kwa sababu nje ya hoteli Kiingereza hakikusaidii.

Kisha mlima. Acatenango una mita 3,976, na jirani yake Fuego kwa kawaida hulipuka mara kadhaa kila saa. Unapanda alasiri, unalala kambini karibu mita 3,600, na usiku kucha unatazama mawe mekundu yakirushwa na kuporomoka. Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu alinganishe na kimo cha Horombo, ila huku hufika kwa saa nne hadi sita badala ya siku mbili, na mwili haupati nafasi ya kuzoea. Lala Antigua au Xela usiku mbili tatu kwanza. Njia ni vumbi la volkano linalorudisha mguu nyuma kila hatua. Baridi hushuka chini ya sifuri, na watu wamekufa kwa baridi mlimani hapo. Koti zito, glovu na kofia ya sufu hukodishwa mjini au kijijini La Soledad unakoanzia. Nenda na kiongozi wa kampuni inayotoa hema na mifuko ya kulalia, na muulize hali ya Fuego siku hiyo hiyo. Tarehe 3 Juni 2018 mlima huo ulishusha mkondo wa majivu ya moto uliofukia kijiji cha San Miguel Los Lotes na kuua mamia. Kiongozi akisema leo hatupandi, usimbembeleze.

Kwa asiye na mapafu hayo kuna Pacaya, mita 2,552, kazi ya nusu siku.

Sita: ziwa, soko na ngazi za kanisa

Ziwa Atitlán limekaa ndani ya shimo la volkano iliyolipuka zamani mno, lina kina cha mita zaidi ya 300, na volkano tatu, San Pedro, Tolimán na Atitlán, zimelizunguka upande wa kusini. Lango ni mji wa Panajachel. Vijiji hufikiwa kwa boti za abiria ziitwazo lancha, quetzal 10 hadi 25 kutegemea umbali. Angalia mwenyeji analipa ngapi kisha toa hiyo hiyo. Vuka asubuhi. Mchana upepo uitwao Xocomil huamka, na boti hupiga mawimbi kiasi cha kukutikisa mgongo.

Kila kijiji kina tabia yake. San Pedro ni wa shule na vijana wa mabegi. San Juan una vyama vya wanawake wafumaji wanaotia nyuzi rangi kwa mimea. Santiago Atitlán ni wa Watz'utujil, na huko yupo Maximón, sanamu ya mbao yenye kofia na mitandio, inayovutishwa sigara na kunyweshwa pombe. Kila mwaka huhamia nyumba nyingine, chini ya ulinzi wa wazee wa cofradía, yaani chama cha kidini cha mji. Dereva wa bajaji atakupeleka. Unalipa kuingia, na picha hulipiwa mbali.

Soko la Chichicastenango ni Alhamisi na Jumapili tu. Lala huko usiku uliotangulia, uamke wakati wauzaji wanashusha mizigo gizani, kwa sababu kuanzia saa nne vipanya vya watalii huingia na bei huingia navyo. Nguo za wanawake ziitwazo huipil hufumwa kwa kitanda cha mfumi kinachofungwa kiunoni, na moja nzuri huchukua miezi. Mapambo huonyesha mji wa mvaaji. Patana bei kwa heshima, lakini mtu akikwambia amefuma mwenyewe na mikono yake inaonyesha hivyo, usimkamue.

Kanisa la Santo Tomás limejengwa juu ya jukwaa la hekalu la Kimaya. Kwenye ngazi zake 18 wazee huchoma utomvu wa copal, unaofanana na sandarusi, huku ndani padri akisoma misa. Mgeni hapiti ngazi hizo wala mlango wa mbele, pita ubavuni. Ndani hakuna picha.

Kuhusu picha, usichukulie mzaha. Mwaka 2000, huko Todos Santos Cuchumatán, umati ulimuua mtalii Mjapani na dereva wa basi lake kufuatia uvumi wa wizi wa watoto. Mtoto wa mtu usimpige picha, usimbebe, usimpe pipi bila mzazi kukubali. Salimia kwanza, *buenos días*. Ukipata nafasi, shukuru kwa K'iche', *maltyox*, na uone uso unavyobadilika.

Wengi wa wazee unaowasalimia walipitia vita vya 1960 hadi 1996. Watu wapatao 200,000 waliuawa au kupotezwa, wengi wao Wamaya waliouawa na jeshi la nchi yao. Usiulize kuhusu vita. Akitaka kusimulia, atasimulia.

Saba: kula

Mla ugali ana jambo la kujifunza hapa. Mahindi hayasagwi makavu. Huchemshwa pamoja na chokaa, yakalala ndani ya maji hayo usiku kucha, asubuhi ganda likachubuka kwa kusuguliwa tu. Yakioshwa hupelekwa mashineni yakiwa bado na maji, na kinachotoka ni donge laini lenye harufu ya ardhi iliyonyeshewa. Chokaa hiyo huifungua vitamini ya niasini iliyofungwa ndani ya hindi, ndiyo maana Wamaya walikula mahindi miaka elfu kadhaa bila ugonjwa wa pelagra, uliowasumbua Waitaliano na Wamarekani waliochukua zao hilo na kuacha ujuzi wake.

Karibu na saa sita mchana simama nje ya mlango wowote wenye kibao cha *tortillas*. Wanawake watatu wanne wamezunguka comal, kikaango bapa kipana chenye weupe wa chokaa. Kila mmoja anachota donge kama limau, analipiga baina ya viganja huku akilizungusha, na mdundo wao unasikika mtaa mzima. Geuza mara moja, mara ya pili ikivimba imeiva. Hununuliwa kwa quetzal, siyo kwa moja moja, na hufungwa kwenye kitambaa zisipoe. Zipo nyeupe, za manjano, na nyeusi za mahindi ya buluu, ambazo kwangu ndizo tamu.

Chakula cha kila siku ni hizo tortilla na maharage meusi. Kula *comedor*, mikahawa ya familia, kwa quetzal 25 hadi 40. Agiza pepián, mchuzi mzito wa mbegu za maboga, ufuta na pilipili kavu, na ukifika Cobán agiza kak'ik, supu nyekundu ya bata mzinga. Ukipita mezani kwa watu wanaokula, hata usiowajua, unasema *buen provecho*. Asiyesema anaonekana hakulelewa.

Nyama ya nguruwe ipo karibu kila mahali, na mafuta yake huingia kwenye maharage. Muislamu aulize *¿tiene manteca de cerdo?* kabla ya kuketi. Nyama ya halali nje ya jiji kuu haitafutiki, hivyo samaki, mayai na maparachichi ndio wokovu. Maji ya bomba usinywe popote, na barafu uliza imetoka wapi.

Nane: Alta Verapaz, nyumbani kwa iliki

Watalii huivuka Cobán, mji mkuu wa jimbo hilo, usiku wakikimbilia madimbwi ya Semuc Champey. Mswahili asifanye hivyo. Milima hii yenye ukungu ndiyo inayoifanya Guatemala kuwa muuzaji mkubwa wa iliki duniani. Mmea ulitoka India, ukaletwa na mlowezi Mjerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na leo hulimwa na familia za Waq'eqchi' kwenye vipande vidogo vya ardhi vyenye mteremko. Tumba huchumwa kwa mkono moja moja, hukaushwa kwenye matanuri ya kuni usiku huo huo, kisha huishia Saudia, Imarati na masoko mengine ya Ghuba. Aliyenywa kahawa ya iliki Muscat au Dubai huenda alikunywa jasho la Cobán.

Cha ajabu ni kwamba mkulima mwenyewe haitumii. Chai yao haina iliki, maandazi hawayajui. Uliza nyumba ya wageni ikuunganishe na mkulima, ununue kilo moja kwake. Utalipa kidogo kuliko dukani nyumbani, na ile rangi ya kijani haijafifia. Msimu wa uchumaji huanza kama Septemba ukaendelea hadi mwanzoni mwa mwaka.

Njiani kuelekea Cobán kuna hifadhi ya Biotopo del Quetzal. Ndege mwenyewe, wa kijani na kifua chekundu, dume likiwa na mkia unaokaribia mita moja, huonekana zaidi Machi hadi Juni, alfajiri, na mara nyingi kwenye miti ya mgahawa wa jirani kuliko ndani ya hifadhi.

Semuc Champey ni daraja la mawe ya chokaa la mita 300 hivi. Mto Cahabón huingia chini yake kwa kishindo, na juu kuna madimbwi ya maji ya kijani-buluu ya kuogelea. Barabara ya mwisho kutoka Lanquín husafiriwa nyuma ya pickup, umesimama, umeshika bomba. Panda kwanza kwenye roshani ya juu, uoge baadaye.

Tisa: Tikal

Kutoka Lanquín hadi Flores ni siku nzima barabarani. Mwenye haraka huruka kutoka jijini, saa moja tu. Flores ni kisiwa kidogo kwenye Ziwa Petén Itzá. Hapo ndipo dola la mwisho la Wamaya lilipoanguka mwaka 1697, miaka zaidi ya 150 baada ya Wahispania kuteka nyanda za juu.

Lango la Tikal hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Kiingilio cha mgeni ni quetzal 150, na pasipoti iwe mkononi. Lala ndani ya hifadhi, hata kama vyumba ni ghali, kwa ajili ya saa mbili za mwanzo. Kwenye giza utasikia ngurumo utakazodhani ni za simba. Ni nyani wadogo weusi wa juu ya miti. Anza na Hekalu la Nne, mita 65 hivi, unalopanda kwa ngazi za mbao za ubavuni, kisha shuka kuelekea uwanja mkuu kabla ya vipanya vya kutoka Flores kuwasili.

Tazama kitu ambacho waongozaji wengi hukipita: mabwawa. Tikal haina mto. Makumi ya maelfu ya watu waliishi hapo kwa maji ya mvua, wakipaka viwanja chokaa na kuviinamisha ili maji yatiririke kwenye mabwawa, na katika moja wapo watafiti wamekuta mchanga na madini ya zeolaiti yaliyowekwa kuchuja maji. Yote bila chuma, bila gurudumu, bila punda. Mwaka 2018 vipimo vya leza kutoka angani vilionyesha majengo zaidi ya 60,000 chini ya msitu wa Petén, mengi hayajaguswa na jembe la mwanaakiolojia.

Viatu vifunike vidole, maji lita mbili, dawa ya mbu. Unyevu hapa ni wa Tanga mwezi Machi.

Kumi: Livingston, kisha kurudi

Kutoka Flores shuka hadi Río Dulce, saa nne au tano, kisha boti ya saa moja na nusu kupitia korongo lenye kuta za kijani. Livingston iko bara lakini barabara haifiki. Ni mji wa Wagarifuna, kizazi cha Waafrika waliochanganyika na Wakaribi katika kisiwa cha St. Vincent. Waingereza waliwashinda, mwaka 1797 wakawatupa Roatán, na kutoka hapo wakasambaa pwani yote hadi Belize. Tarehe 26 Novemba ndiyo sikukuu yao, ngoma hadi asubuhi.

Popote Guatemala, mtu mweusi atadhaniwa ni Mgarifuna au Mbelize, na ataitwa *moreno*, yaani mweusi, kwa kawaida bila ubaya. Livingston utasemeshwa Kigarifuna kabla hujafungua mdomo. Usitegemee kusikia neno la Kibantu. Lugha yao asili yake ni ya Waarawak. Jikoni ndiko utakakotulia: tapado ni samaki mzima, kaa na kamba ndani ya tui la nazi pamoja na ndizi, na wali hupikwa na maharage kwa tui hilo hilo. Agiza saa moja kabla, kwa sababu nazi hukunwa ukishaagiza. Mikahawa ya gatini ni ghali. Panda mlima kidogo, uliza akina mama wanaopika nyumbani.

Kurudi, chukua lancha ya asubuhi hadi Puerto Barrios, kisha basi la kampuni hadi jijini, kilomita 300 hivi. Malori ya makontena huibana barabara hiyo, na ajali moja huifunga kwa saa nyingi. Kwa hiyo ondoka Livingston siku moja kamili kabla ya ndege yako, ulale zona 10, na iliki uifunge mifuko miwili ya plastiki ndani ya begi unalolikabidhi kaunta, la sivyo kila nguo itanukia. Uliza pia masharti ya kuingiza viungo nchini kwako, na risiti ya mkulima au ya duka uibakize pamoja na pasipoti.